Nani Aliyejitenga? Meza ya Bwana, Wazee na Mlango wa Kanisa



Nilikuwa darasa la sita. Jumamosi moja kabla ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa aliyesimamia mtaa wetu alizunguka nyumba kwa nyumba akigawa kadi za kuikaribia Meza, kama ilivyo desturi tuliyoirithi kwa Waskoti. Kwetu alifika jioni. Akakaribishwa chai, akanywa, akaulizia mifugo, akampa mama kadi yake, akasimama kuaga. Baba akamuuliza, "Mzee, na yangu?" Mzee akajibu huku akiangalia mlangoni, "Mwalimu, wewe ngoja kwanza."

Wiki tatu kabla ya hapo baba alikuwa amesimama katika mkutano wa washirika akauliza fedha za mabati zimefika wapi. Hakumtukana mtu, wala hakutaja jina. Aliuliza, akakaa. Basi akangoja, kama alivyoambiwa, na kungoja kwenyewe kulichukua miaka minne.

Mwaka wa pili walikuja marafiki zake waliokuwa wamehama na kuanzisha ibada yao ng'ambo ya mto. Wakamwambia, "Mwalimu, njoo kwetu, huku meza haina kadi." Nilikuwa nimeketi pembeni nikisikiliza, na jibu lake sijalisahau: "Sijaambiwa kosa langu. Nikitoka leo, nitakuwa nimewaandikia wale wazee hukumu ambayo wao wenyewe wameshindwa kuiandika."

Nimesoma historia ya kanisa kwa miaka mingi tangu jioni ile, na nakiri mbele yenu kwamba sehemu kubwa ya kusoma kwangu ilikuwa kutafuta kama baba alikuwa na haki. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya swali moja tu. Mshirika anapogombana na wazee wake hata akawekwa nje ya Meza, na mwishowe kanisa likagawanyika, ni nani hasa aliyejitenga? Kwetu jibu huwa jepesi: aliyetoka mlangoni. Mimi nasema jibu hilo mara nyingi ni la uongo, na makanisa yetu ya ukoo wa Calvin yamelipa gharama kubwa kwa kuliamini.

Lakini haki inataka nianze na wazee, maana nao wana hoja, tena hoja nzito. Mwaka 1553, pale Geneva, palikuwa na mtu wa jamaa kubwa aliyeitwa Philibert Berthelier. Baraza la kanisa, ambamo wachungaji waliketi pamoja na wazee kumi na wawili kila Alhamisi, lilikuwa limemzuia asishiriki. Berthelier hakwenda kutubu wala kujitetea mbele ya wazee. Alikwenda kwa watawala wa mji, jamaa zake na marafiki zake, wakampa ruhusa ya kukaribia. Jumapili ya tarehe 3 Septemba Calvin alitangaza mimbarani kwamba yu tayari kufa kuliko mkono wake umpe vitu vitakatifu mtu aliyezuiwa na kanisa. Berthelier hakutokea, watawala walikuwa wamemdokeza asiende. Iliwachukua mpaka mwaka 1555 mji ule ukubali kwamba kuzuia na kufungua Meza ni kazi ya baraza la kanisa.

Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha wazee walikuwapo kwa ajili ya nini. Walikuwapo ili mwenye cheo asiijie Meza kwa nguvu ya cheo chake. Mwanamume anayempiga mkewe Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi akanyoosha mkono apokee mkate, lazima pawepo mtu wa kumshika mkono huo, akamwambia, "Ndugu, hapana, si leo." Wazee wanaoogopa kulisema neno hilo wamemwacha yule mama peke yake. Kwa hiyo mtu asije akadhani nimesimama hapa kuwaondolea wazee mamlaka yao.

Ila Matengenezo hayakuwapa mamlaka hayo yakiwa matupu, na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini. Sinodi ya Dordrecht, iliyokutana kule Uholanzi mwaka 1618 na 1619, ilitunga kanuni za uongozi wa kanisa ambazo makanisa mengi ya jamaa yetu yalizifuata. Ukizisoma ibara za nidhamu utashangaa jinsi zilivyo na subira. Mwenye kosa la siri huonywa kwa siri. Akikataa, wawili watatu wanaongezeka. Akishupaa, anazuiwa Meza. Hata hapo hajafukuzwa: kanisa hutangaziwa kwanza bila kutajwa jina lake, ili watu wamwombee. Jina hutajwa katika tangazo la pili, tena kwa ushauri wa makanisa jirani yaliyokutana pamoja, wala si kwa uamuzi wa wazee wa pale peke yao. Kila hatua ina nafasi ya kurudi.

Kisha kuna Ibara ya 31. Laiti ingebandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya kanisa. Inasema kwamba mtu akiona amedhulumiwa na kikao cha chini, ana haki ya kukata rufaa kwenye kikao cha juu. Na kwamba lililoamuliwa kwa kura za wengi litashikwa kuwa ni thabiti na la kulazimu, isipokuwa ikithibitishwa kwamba linapingana na Neno la Mungu au na kanuni zenyewe. Maneno hayo, "isipokuwa ikithibitishwa", yamebeba uzito ambao walioyaandika huenda hawakuukadiria. Yanamwambia mshirika mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, huwezi kuondoka kwa sababu tu umeshindwa kwa kura. La pili, kura peke yake haiwezi kuifunga dhamiri yako.

Waholanzi waliichukulia ibara hii kwa uzito kiasi kwamba kanisa zima lilikuja kujulikana kwa namba yake. Mwaka 1944, nchi ikiwa bado imekaliwa na Wajerumani, sinodi ilimsimamisha kisha ikamvua cheo Profesa Klaas Schilder katika ugomvi juu ya agano na ubatizo. Tarehe 11 Agosti mwaka huohuo, mjini The Hague, wale waliomuunga mkono walitangaza kwamba wamejikomboa na maamuzi hayo, wakisema sinodi ndiyo iliyovunja kanuni. Ili kuwatofautisha na wengine, watu waliwaita makanisa yanayoshika Ibara ya 31. Sijui kanisa jingine lililoitwa kwa namba ya ibara ya rufaa. Mimi binafsi naona vita ile ingeweza kuepukwa, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuvumiliana. Vikao viliharakisha kushika rungu wakati watu walikuwa na vita nyingine mitaani.

Kabla ya hapo, mwaka 1834, palikuwa na kijiji cha Ulrum, kaskazini kabisa mwa Uholanzi. Mfalme Willem wa Kwanza alikuwa amelipa kanisa kanuni mpya mwaka 1816, akaweka bodi juu ya bodi, na zile rufaa za kale zikageuka njia za serikali. Mchungaji wa Ulrum, Hendrik de Cock, alianza kuhubiri mafundisho ya kale baada ya kukutana na maandishi ya Calvin akiwa mtu mzima, tayari mchungaji. Watu wa vijiji vingine wakawa wanamletea watoto wao wabatizwe, kwa kuwa hawakuwaamini wachungaji wao. Naye akawabatiza. Akaandika pia kijitabu cha kuwashambulia wachungaji wenzake wawili, akiwaita mbwa mwitu zizini. Alisimamishwa, baadaye akavuliwa uchungaji. Tarehe 13 Oktoba 1834 baraza la wazee wa Ulrum lilitia sahihi hati ya kutoka, na kesho yake washirika nao wakatia sahihi zao. Serikali ikawapelekea askari wakae majumbani mwao. Sheria ya zamani ya kukataza mikutano ya watu zaidi ya ishirini ikatumiwa kuwatoza faini kwa kosa la kusali. De Cock mwenyewe alifungwa miezi mitatu. Wengine baadaye walivuka bahari kwenda Michigan na Iowa.

Makosa ya de Cock nayaona. Kijitabu chake kilikuwa na ukali ambao ungemfanya hata hakimu mwema akunje uso. Lakini angalieni jina la hati ile: Hati ya Kujitenga au Kurejea. Waliandika kwamba hawatashirikiana na kanisa lile mpaka litakaporudi kwenye utumishi wa kweli wa Bwana. Neno "mpaka" halionekani katika barua nyingi za kujiuzulu ninazoletewa siku hizi na ndugu wanaohama. Kwao mlango umefungwa kwa kishindo. Watu wa Ulrum waliuacha wazi, wakasema waziwazi ni jambo gani likitendeka watarudi. Tena walikuwa na Ungamo la Imani la mwaka 1561 mikononi, ambalo ibara yake ya 28 inakataza mtu ye yote kujitenga na kanisa la kweli, hata awe mtu wa daraja gani. Kwa hiyo iliwabidi waeleze, tena kwa kutetemeka, kwamba aliyeondoka si wao.

Hoja hiyo ilikuwa ya kweli kwa kiasi gani pale Ulrum, wanahistoria watabishana. Iko nchi nyingine ambako, kwangu mimi, haina ubishi wo wote, na huko ndiko nilikotaka tufike.

Mwaka 1829, katika usharika wa Somerset West, karibu na Cape Town, alikuwapo mtu aliyeitwa Bentura Visser. Watawala wa siku zile walimhesabu kuwa chotara. Alikuwa amebatizwa, amekiri imani, ni mshirika kamili. Alitaka kushiriki Meza pamoja na wengine, na baadhi ya washirika weupe wakakataa kuketi naye. Wazee hawakujua wafanye nini, wakalipeleka jambo kwenye kikao cha juu, presbiteri. Presbiteri ikajibu kwamba Meza inatolewa kwa washirika wote wakati mmoja, bila kutofautisha rangi wala asili. Lilipofika kwenye sinodi mwaka uleule, sinodi ilikataa hata kulipigia kura. Ilisema jambo hili limesimama juu ya Neno la Mungu na halipaswi kujadiliwa.

Tafakarini kidogo. Utumwa ulikuwa bado halali kule Cape. Na katika nchi ile ya minyororo, kanisa lilisema kuna mahali pamoja ambapo swali la rangi haliulizwi.

Ilidumu chini ya miaka thelathini. Mwaka 1855, katika usharika wa Stockenström, upande wa mashariki, washirika weupe wapatao arobaini na watano waliandika ombi la kupewa Meza yao peke yao. Wazee wa pale wakakataa, na nawaheshimu kwa hilo. Presbiteri, badala ya kusimama nao, ikashauri iandaliwe meza nyingine kwa hao weupe wapya baada ya wenyeji kumaliza. Mwaka 1857 jambo likafika sinodini. Aliyeandika hoja iliyopita alikuwa Andrew Murray, Mskoti, mchungaji wa Graaff-Reinet, baba yake yule Andrew Murray ambaye vitabu vyake vya maombi vimesomwa hata huku kwetu. Hoja ilianza vizuri: ni jambo la kutamanika na la Kimaandiko kwamba waamini waliotoka kwa mataifa wapokewe katika sharika zilizopo. Ndipo ikageuka. Ikasema, mahali ambapo kwa sababu ya udhaifu wa baadhi jambo hilo lingezuia kazi ya Kristo, hao waamini na wapewe haki zao za Kikristo katika jengo lao, mbali.

Udhaifu wa baadhi. Mtume Paulo alipowataja walio dhaifu alikuwa akimwambia mwenye nguvu ajinyime nyama kwa ajili ya ndugu yake. Sinodi ikaligeuza neno hilo: mwenye nguvu akaitwa dhaifu, na ndugu yake ndiye akanyimwa, tena akanyimwa Meza yenyewe. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pekee kwa ajili ya watu wa rangi, yaani Kanisa la Misheni. Katika karne iliyofuata, kanisa lililokuwa limezoea kutenganisha vikombe halikuona taabu kuipa serikali maneno ya dini ya kutenganisha shule, mitaa na mabasi.

Sasa niambieni, nani alijitenga? Bentura Visser na wenzake hawakutoka mlangoni. Waliotoka katika ushirika ni wale waliobaki ndani, kwenye viti vyao, na funguo za jengo mifukoni. Vitabu vya historia huwaita wale weusi "kanisa binti", kana kwamba waliondoka nyumbani kwenda kuolewa. Walisukumwa nje.

Malipo yalikuja Ottawa, Agosti 1982, Muungano wa Makanisa ya Matengenezo Duniani ulipokutana. Katika ibada ya ufunguzi Meza iliandaliwa, na wajumbe weusi wa makanisa ya Afrika Kusini wakakataa kushiriki. Allan Boesak, mchungaji wa lile Kanisa la Misheni, alikuwa miongoni mwao. Walieleza kwamba hawawezi kushiriki ugenini pamoja na watu ambao nyumbani hawawakubali kwenye Meza moja. Naliona tendo lile kuwa la utii mkubwa kuliko ambavyo kushiriki kungekuwa. Ilikuwa rufaa, Ibara ya 31 ikitembea kwa miguu: kikao cha chini kimetudhulumu, tumekuja kwenu ninyi wa juu, na ushahidi wetu ni mikono yetu iliyo mitupu. Mkutano uliwasikiliza. Ukatamka kwamba kuutetea ubaguzi wa rangi kwa hoja za kidini ni uzushi, ukayasimamisha makanisa mawili ya weupe, ukamchagua Boesak kuwa rais wake. Na sharti la kwanza la kuwarudisha waliosimamishwa lilikuwa kwamba Wakristo weusi wasizuiwe tena kwenye ibada, na hasa kwenye Meza ya Bwana. Walifuata uzi mpaka kwenye fundo la mwaka 1857.

Mwaka huohuo Kanisa la Misheni liliandika rasimu ya Ungamo la Belhar, likalipitisha 1986, na tarehe 14 Aprili 1994, siku chache kabla ya uchaguzi ule mkubwa, likaungana na kanisa dada la Waafrika kuwa kanisa moja.

Mtu asiseme hayo ni ya Waafrika Kusini. Makaburu walioingia Uasin Gishu na magari ya ng'ombe mwaka 1908 walikuja na kanisa hilohilo la weupe, na kazi yao ya misheni ndiyo iliyotangulia kanisa la Matengenezo ambalo mpaka leo makao yake yako Eldoret. Na sisi Wapresbiteri tuna deni letu wenyewe. Mwaka 1929, pale Kikuyu, misheni ya Waskoti iliwataka washirika waape kwa sahihi au kwa alama ya kidole kwamba wameacha tohara ya wasichana. Kidole gumba, kirore. Aliyekataa alitengwa na ushirika. Watu wakatoka kwa wingi, wakajenga shule zao na makanisa yao huru.

Juu ya mwili wa msichana, misheni ilikuwa na haki. Nasema hivyo nikiwa baba wa mabinti, na wapo wazee Wakikuyu waliosimama upande huo kwa dhamiri safi huku wakitukanwa kwa nyimbo. Ila kumwendea mtu ambaye serikali ya kikoloni ilikuwa tayari imemchapa vidole kwenye kipande, ambaye aliona ardhi ikiondoka kwa karatasi asizoweza kuzisoma, ukamwambia aweke kidole tena au akose Meza, huko hakukuwa kuchunga kondoo. Zile hatua za subira za Dordrecht zilirukwa zote. Walioonywa mmoja mmoja, kwa machozi, walikuwa wachache. Wengi waliona karatasi tu. Kwa hiyo napata taabu ninapowasikia wazee wetu wakiyaita makanisa yale "waasi".

Na ninyi mnaofikiria kuondoka mwezi huu au mwezi ujao, maana najua mko humu ukumbini, naomba niwaambie neno kama ndugu yenu. Je, mmeomba kosa lenu liandikwe? Mmekata rufaa presbiteri, na presbiteri ikiwanyamazia, mmekwenda juu yake? Mmeandika lile neno "mpaka"? Kama bado, basi ninyi nanyi mnawasaidia wazee kuficha. Na wazee, mnapomwambia mshirika "ngoja kwanza", mmeandika wapi sababu, na mmemwambia lini atajibiwa?

Baba aliandika barua tatu. Ya tatu aliipeleka presbiteri kwa mkono, kwa basi, siku ya mvua. Mwaka wa nne tuliletewa mchungaji mpya, kijana, na presbiteri ikamwagiza achunguze. Aliketi na wazee, akaagiza kitabu cha kumbukumbu za vikao, akasoma kurasa za miaka yote minne kwa sauti mbele ya baba. Hapakuwa na shauri. Hapakuwa na mashtaka wala uamuzi. Jina la baba lilionekana mara moja tu, katika orodha ya waliochangia mabati.

Jumamosi iliyofuata mzee yuleyule alikuja kwetu na kadi mbili. Mama akamkaribisha chai. Baba akaipokea kadi yake kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka ndani ya Biblia. Kisha akamuuliza tena habari za fedha za mabati.